Herufi ya Tajiri na Maskini

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimeipata! Miaka arobaini na tatu nimeshika brashi hapa Visiga. Nimeandika maduka, bucha, saluni, mikokoteni na jeneza moja. Sikuwahi kukutana na herufi kama hii.

Ilikuwa kwenye kikasha cha manukato. Manukato mke wangu Maulida kaletewa na shoga yake. Kajipulizia, kikasha kakitupa jalalani. Nikakifuata huko huko. Maulida akaniuliza mtu mzima na ndevu nyeupe nachakura nini kama kuku. Nikamwambia natafuta ujana wangu. Akasema niangalie chini ya maganda ya mihogo, mara ya mwisho aliuona hapo.

Sasa herufi yenyewe. Kila moja ina mguu mnene, mweusi, umeshiba kama nguzo ya umeme. Mguu wa pili mwembamba kama unywele mmoja wa mvi. Wa katikati hakuna! Mmoja kala chakula cha nyumba nzima, mwenzake kalala na njaa, na bado wameshikana mikono. Ncha zimechongwa kama kucha za bibi harusi. Shule mimi niliishia darasa la nne, mwalimu mwenyewe aliniomba nisirudi. Lakini kitu kizuri nakijua. Nimeipa jina: Tajiri na Maskini.

Nimeinakili kwa mkaa kwenye mlango wa stoo. Nikarudi nyuma hatua mbili. Machozi yakanilenga. Maulida naye yakamlenga, maana mlango ule kaupaka rangi wiki iliyopita.

Jioni kaja Maua, binti wa marehemu kaka yangu. Katoka kijijini Kibuta miaka sita iliyopita, muda wote huo anapika chini ya turubai, mvua yake, jua lake. Sasa kapata fremu barabarani, ina sakafu na dirisha. Ijumaa anafungua mgahawa. Kanipigia shikamoo ya adabu, nikajua ana shida. Kasema Baba Mdogo, niandikie ubao dereva auone toka mbali, magari ya barabara hii hayana subira.

Nikamwambia mwanangu, dereva atauona mpaka akifika Morogoro atauota.

Jumatano, 9 Julai

Tatizo. Brashi yangu nyembamba kuliko zote inachora mstari kama mkia wa panya. Mimi nataka unywele.

Nywele nzuri za brashi zimo ndani ya sikio la ng'ombe. Hilo nilifundishwa na mzee aliyenionyesha kazi. Na ng'ombe wa karibu ni ndama wa Magembe, pale Misugusugu.

Huyu Magembe ndiye kaniua. Msukuma, kaja na mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Unaingia na jina lako, unatoka na bango kabla chai haijapoa. Wateja wote kanimalizia. Lakini mimi Mzaramo, yeye Msukuma, sisi watani. Mtani hamwibii mtani. Anachukua tu.

Nimekwenda na mkasi, nikapita nyuma ya duka. Tatizo ndama hajui utani. Sikio la kwanza alinipa. La pili alinipa teke, nikakaa kwenye karai la pumba. Magembe katoka mbio, kaniona, kacheka mpaka kashika ukuta. Akaniuliza tangu lini Wazaramo wamekuwa vinyozi wa ng'ombe, si walishindwa hata kufuga bata. Nikamwambia Msukuma kazoea kulima, akipewa mashine ya kuchapa anailima vilevile, ndiyo maana herufi zake zina matuta.

Kasema Maua angekwenda kwake, angewekewa picha ya kuku aliyeokwa, mtu angepita akidondosha mate. Nikasema herufi yangu haihitaji kuku.

Basi tukawekeana dau. Ijumaa ya wiki ijayo, watu wakimaliza kutawanyika msikitini, Maua ahesabu. Wakitimia kumi waliosema ni ubao uliowaingiza mgahawani, Magembe anashusha bango la duka lake na mimi namwandikia jipya kwa mkono, kwa herufi ninayoitaka. Wasipotimia, brashi zangu zote, saba na hii ya ndama ikihesabiwa, nampelekea, anazipigilia misumari ukutani kama pembe za swala. Na mimi sishiki brashi tena.

Nimekubali palepale. Mtani hakataliwi. Njiani ndiyo nikaanza kufikiri. Bila brashi mimi ni nani? Mzee wa kukaa barazani, watu wanamuuliza saa.

Nywele za sikio nimezifunga kwenye kijiti. Ziko kumi na moja. Zinatosha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeandika! MGAHAWA WA MAUA. Ubao mrefu kuliko mimi nikilala. Nyeupe chini, nyeusi juu. Nimepiga mistari kwa uzi na chaki, miguu minene nikaijaza kwa brashi ya inchi mbili, kisha nikazuia pumzi, nikashusha myembamba kwa nywele za ndama. Mstari mmoja, pumzi moja. Herufi A ya mwisho nimekaribia kuzimia.

Maulida kaja na uji, kasimama kimya. Mwanamke huyu hajakaa kimya tangu tuoane. Kasema ni nzuri kama mtu aliyevaa kwenda kwao. Kisha akauliza ile miguu mingine itaonekana? Nikamwambia aangalie uji wake.

Ijumaa, 11 Julai

Ufunguzi. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, kisamvu cha karanga. Ubao umepanda juu ya mlango. Majirani wote wamesimama chini yake, shingo zimepinda, wanasifu. Nikaona mambo si haya! Nikavuka barabara ili niifaidi kazi yangu kutoka ng'ambo.

Nikageuka.

Miguu myembamba haipo! Imeondoka! Imebaki minene peke yake, mingine imesimama wima, mingine imeegemea upande, nyeusi, kama miti iliyowekwa na mtu mwenye haraka. Nikafikicha macho. Nikafumba moja. Nikafumba la pili. Hakuna kitu.

Macho yangu yamekufa. Umri umefika. Sikumwambia mtu. Mchora mabango kipofu ni kama muadhini bubu.

Nikiwa bado nimeshikilia mti wa watu, lori la mchanga likasimama mgahawani. Dereva, anaitwa Didas, kateremka na matandiboi wake wawili wa kupakua mzigo, kamuuliza Maua mirunda bei gani. Mirunda! Miti ya kujengea! Nikavuka barabara kwa hasira bila kuangalia kulia wala kushoto. Nikamuuliza kijana, kwani hujui kusoma? Kaniamkia kwanza, ana adabu. Kisha akasogea mpaka pua ikagusa ukuta, akainua uso, akasema alaa, kumbe ni maneno, Mzee!

Wamekula wote watatu, wameongeza. Lakini mambo ya elimu nchi hii yananisikitisha.

Jumamosi, 12 Julai

Mwenye Fuso kasimama. Anataka mirunda arobaini. Mama mmoja wa Misugusugu kasimama, anataka mirunda ya banda la kuku. Wote macho mazima kabisa, na wote hawajui kusoma! Maua kawakaribisha, wakala, wakaondoka bila miti.

Maua kaniangalia kwa jicho la pembeni. Kauliza kwa upole kama Baba Mdogo nimewahi kusimama ng'ambo kuutazama ubao. Nikasema nimesimama, unaonekana wote, mpaka ncha. Nilisema uongo. Ningemwambiaje kwamba mwandishi wa ubao wake haoni?

Mchana Magembe kapita na bodaboda. Hakushuka. Kaniuliza wamefika wangapi. Nikamwambia tunaanza taratibu. Kasema yeye misumari saba keshainunua, anachagua ukuta tu.

Jumapili, 13 Julai

Kibuta, kufuata mihogo ya Maua. Nimefikia kwa dada yangu Tatu. Huyu ni mkubwa wangu, shikamoo yangu anaipokea bila kuacha kutwanga.

Nilichukua brashi, maana siku zangu za kuzishika huenda zinahesabika. Nikamwandikia jina lake kwenye kifuniko cha sanduku la nguo. TATU, kwa Tajiri na Maskini. Majirani wakaja, wakainama, wakapitisha vidole karibu karibu bila kugusa. Mmoja akasema angetaka na lake. Mwingine akasema inafanana na piko la harusi, lile la fundi hasa, lenye petali nene na vikonyo vyembamba.

Nikamweleza Tatu siri ya macho yangu, maana yeye hasemi kwa watu, ananisema mimi tu. Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema mdogo wangu, hina humchori bibi harusi ili aonwe na mtu aliye ng'ambo ya bonde. Hina ni ya yule anayemshika mkono. Herufi yako ni hina, wewe umeitundika barabarani.

Nikamwambia yeye ni mtu wa shamba, mambo ya matangazo hayajui. Kasema tangu mtoto niko hivi: nikionyeshwa njia nabishana na njia.

Kanifungia mihogo gunia zima, na nazi nane za Maua. Kabla sijaondoka kasema niende hospitali, nisijifanye daktari wa macho yangu mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda kupima. Maulida nimemwambia nafuata tapentaini.

Daktari binti mdogo tu, jina lake Modesta. Kanikalisha mbali, kanionyesha karatasi ukutani, nisome. Nikasoma mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Wa mwisho. Kisha nikamsomea na yale maandishi madogo chini kabisa yaliyotaja mwaka wa kuchapwa. Kaja mwenyewe kuangalia kama kweli yapo.

Nikampa na maoni yangu. Karatasi yao haina adabu. Herufi zote unene mmoja, zimejipanga kama mgambo. Kasema ndiyo maana zinaonekana, Mzee.

Kaniambia macho yangu mazuri kuliko ya dereva wao. Nimetaka kumbusu paji la uso, nikaona watu wanaongezeka.

Macho mazima! Basi nimekaa kwenye benchi la nje nikapiga hesabu ya akili. Macho mazima. Herufi nzima, tena nzuri. Kosa liko wapi? Lazima liko katikati. Na katikati ya mtu na ubao kuna nini? Vumbi! Vumbi la malori ndilo linalokula miguu myembamba. Nimeshangaa nimechelewa vipi kuliona.

Mchana nimemwaga ndoo kumi na mbili za maji pembeni ya barabara. Nikavuka kutazama. Miguu bado haijarudi, ila vumbi limepungua sana. Matope yameongezeka. Mafundi ujenzi wawili wamesimama kuulizia mirunda, wakaingia na matope mpaka chini ya meza.  Maua alinipa dekio.

Jumanne, 15 Julai

Wazo. Kama hawasogei, waambiwe wasogee! Nimechonga ubao wa pili, mdogo, nikauning'iniza chini ya ule mkubwa: SOGEA KARIBU USOME.

Nimeuandika kwa herufi ileile, ndogo zaidi. Huwezi kumvalisha mtu suti ukampa kandambili.

Hakuna aliyesogea. Alasiri kasimama mama mwenye kitenge cha kijani. Kasema mirunda hana haja nayo, ila zile fito za chini zinauzwaje?

Fito!

Kala samaki, kasifu. Magembe kasimama ng'ambo muda mrefu, mikono kiunoni, kichwa kaegemeza bega la kushoto, kisha la kulia. Kavuka, kaniambia mtani, mimi mashine yangu inaandika, yako inajenga uzio. Nikamwambia arudi kwake akamwombe ndama radhi.

Siku tatu zimebaki. Kwa hesabu yangu waliofika kwa kusoma ubao: sifuri.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimefanya jambo kubwa.

Tatizo si herufi wala vumbi. Tatizo ni mwendo! Gari linapita kama limetumwa. Dereva akipunguza, atasoma. Na dereva wa nchi hii hupunguza kwa nini? Majani! Akikuta matawi mabichi yametandikwa barabarani anajua mbele kuna gari limeharibika. Hahitaji kuambiwa.

Saa nne asubuhi nimekata mwarobaini, nikatandika pembeni upande huu, nikatandika upande ule. Nikakaa kungoja.

Wamepunguza! Wote! Wengine wakasimama kabisa. Lakini hakuna aliyeinua macho kwenye ubao. Wote wanatafuta gari bovu. Wanaangalia mtaroni, wanaangalia nyuma ya nyumba. Fundi magari kaja na boksi la spana, anaulizia liko wapi. Mzee mmoja kaja na kamba ya kuvutia. Akina mama wakaja na ndoo ya maji, wamesikia ni ajali. Ndani ya saa moja mgahawa umejaa watu wanaosikitika na wanaokula. Maua karudi jikoni mara tatu kuongeza wali.

Kila mmoja Maua kamuuliza, kama tulivyopatana: umejuaje hapa? Na kila mmoja kajibu: nimefuata majani. Watu ishirini na mbili, majani tupu! Magembe naye kaja mbio kuona ajali. Alipoona matawi na mimi nimekaa kama bwana harusi, kacheka mpaka ikabidi apewe maji.

Kisha kaja trafiki. Kauliza gari bovu liko wapi. Nikamwambia mkuu, gari bovu ni mimi, injini ya mwaka hamsini na nne, haijawahi kufunguliwa. Hakucheka. Nikaona leo nalala pabaya. Halafu akacheka, bega moja tu. Kaniamuru niokote jani moja moja pande zote mbili, nifagie, na akiona tena tawi hapa atanipeleka mimi na mwarobaini wangu. Nimefagia mpaka alasiri. Mgongo umekataa kunyooka.

Wakati anaondoka kamuuliza Maua, kwani mirunda yenyewe mnaiweka wapi?

Alhamisi, 17 Julai

Mgongo. Maulida kanikanda kwa mafuta ya nazi na matusi.

Kesho ndiyo siku. Nimeziosha brashi zote saba kwa tapentaini, nikazipanga juu ya khanga. Ile ya mpini wa mpingo iliandika bucha ya kwanza. Ile fupi ilisomesha watoto wawili. Ile ya sikio la ndama ina siku nane tu duniani na keshapigwa teke mtu kwa ajili yake. Nilitaka kuzisemesha, Maulida akaingia, nikajifanya nakohoa.

Nikaenda mgahawani kumsaidia Maua kumenya vitunguu, nilie kwa sababu inayoeleweka.

Nikamkuta Kwandu, binti wa Magembe. Kasimama mbele ya kaunta, nilipomwandikia Maua orodha ya vyakula kwenye kibao kidogo. Herufi ileile. Pua yake iko kiganja kimoja tu na neno KISAMVU. Kaniambia shikamoo Babu bila kuondoa macho. Kaniuliza ni mimi niliyeandika kwa mkono? Kwa mkono huu huu? Kasema anaolewa Septemba, na anataka kadi zake za sendofu ziandikwe hivi. Kadi mia na ishirini, jina la kila mgeni kwa mkono. Nikamuuliza, na mashine ya baba yako? Kasema Babu, kadi za baba zinafanana na risiti.

Hapo nimepona mgongo!

Kasema tena herufi hii ni ya kushikwa mkononi, mtu aitazame taratibu akiwa amekaa. Nikasema ndiyo ndiyo, na barabarani vilevile. Kanitazama kama anavyonitazama Tatu. Sijui wanawake hawa wanakutana wapi.

Nikamuuliza kwa hila kama ni ubao wa nje uliomwingiza. Angeniokoa, angalau aanzishe hesabu. Kasema hapana, alifuata chai. Mtoto mkweli. Hakurithi kwa baba.

Kisha nikakumbuka. Kesho nikizitoa brashi, kadi hizo ataziandika nani?

Ijumaa, 18 Julai

Naandika polepole, nisisahau kitu.

Nimetoka msikitini na brashi saba ndani ya khanga. Magembe keshafika mgahawani, kakaa benchi la mlangoni, nyundo mfukoni. Watu bado wanatawanyika nje ya msikiti, wanapeana mikono. Nikamwambia mtani chukua, usinichoshe, hakuna hata mmoja aliyesoma.

Maua katoka jikoni anafuta mikono. Kasema Baba Mdogo, kaa. Wamefika tisa.

Tisa! Nikakaa.

Kawataja kwa vidole. Didas na matandiboi wake wawili, watatu. Mwenye Fuso, wanne. Mama wa banda la kuku, watano. Mafundi ujenzi, saba. Mama wa fito, nane. Na mzee mmoja wa jana asubuhi, kabla sijaja, tisa. Kila mmoja alimuuliza umejuaje hapa, na kila mmoja alinyoosha kidole juu: nimeona ule ubao.

Magembe karuka kama kakalia siafu. Kasema hao walitaka mirunda! Hakuna aliyesoma hata herufi moja! Maua kamjibu kwa adabu, Baba Kwandu, nyinyi wazee hamkupatana wasome. Mlipatana ubao uwaingize. Umewaingiza, wamekaa, wamekula, wawili wamerudi.

Magembe kakaa tena benchini. Halafu kakumbuka hesabu. Kacheka. Kasema sawa, Mzaramo, nakupa hao. Lakini tisa si kumi. Akachungulia nje. Mlangoni pa msikiti wamebaki watu wanne wanasalimiana. Watatu. Nimewaombea salamu ndefu. Nimetamani waulizane hadi habari za mbuzi. Wakabaki wawili. Magembe kanyoosha mkono, nikampa khanga. Nzito kuliko asubuhi.

Bajaji ikakata kona. Kashuka mtu mnene, shati jeupe, futi ya kupimia mkononi. Kajitambulisha Anselmi, mzee wa kanisa huko mbele. Kauliza kama wana mirunda thelathini, iliyonyooka, ya uzio wa kanisa. Maua kasogea mpaka mlangoni. Kamuuliza, Baba, umejuaje hapa?

Anselmi kashangaa swali lenyewe. Kanyoosha kidole juu. Kasema si hilo bango lenu, mama? Nimeliona toka kule kwenye kona. Limenivutia sana.

Limemvutia sana! Nimemkumbatia. Hanijui, lakini kanikumbatia na yeye, watu wa kanisa wana moyo. Nje wale wawili ndiyo kwanza wanaachana mikono.

Magembe kalala chini kwenye sakafu mpya ya Maua, kacheka mpaka nyundo imemtoka mfukoni. Kasema amezunguka nchi nzima na ng'ombe, hajaona mtu anashinda kwa kushindwa. Nikamwambia anyanyuke, anachafua sakafu. Kanirudishia khanga kwa mikono miwili, kama mtu anayepokeza mtoto. Hapo hatukutaniana.

Anselmi kala wali na samaki. Kauliza tena habari ya mirunda.

Jumapili, 20 Julai

Siku mbili za kazi tupu. Mkono umefurahi.

Duka la Magembe limekwisha. Tajiri na Maskini, futi kumi na mbili, juu ya mlango. Miguu myembamba safari hii nimeipunguza zaidi, maana ile ya Maua ilikuwa minene kidogo. Magembe kavuka barabara kutazama, kakaa huko muda mrefu. Karudi kasema hajawahi kuona duka lake likifanana hivi na zizi. Nikampongeza. Msukuma akiona zizi moyo wake unatulia.

Kadi za Kwandu nimeanza ishirini. Kalia kidogo alipoona jina lake. Kasema hapa ndipo mahali pa herufi hii, Babu. Maulida kasema hapa ndipo mahali pake. Tatu kapiga simu toka Kibuta, kasema hivyo hivyo. Nimewaachia wafurahi.

Maua naye keshafanya lake. Kaagiza kwa watu wa Kibuta, leo asubuhi imeshushwa mirunda mia moja pembeni ya mgahawa, imepangwa vizuri. Kasema Baba Mdogo, watu wanaulizia kila siku, nitawakatalia mpaka lini? Anselmi kachukua thelathini yake. Anayesubiri kupakiwa anakula. Ubao kakataa kuubadilisha. Nasema mimi: herufi imemfanyia binti wa kaka yangu biashara mbili kwa rangi ya moja. Nani mwingine kafanya hivyo? Mashine?

Mchana kaja Didas. Lori lake kalipaka upya, kuanzia mwezi ujao anapeleka mzigo mpaka Kahama. Anataka niandike nyuma, kwenye bodi, maneno anayoyapenda: MSAFIRI HACHOKI. Kauliza kwa woga kama yatasomeka lori likiwa mwendo. Nikamwambia kijana, kumbe umenikumbusha. Shida ya herufi hii muda wote ilikuwa kusimama. Inataka upepo.

Kesho saa mbili asubuhi naanza. Lori lake jekundu. Nyeupe kila mtu anaweka. Mimi nitaweka nyekundu iliyoiva zaidi.